Profaila na modela za amplifaya ya gitaa: tofauti iko kwenye nobu

Ukivitazama kwa nje ni vitu vya aina moja: kisanduku cha dijitali, skrini, nobu kadhaa, na ahadi kwamba utapata sauti ya amplifaya ya Fender Twin Reverb bila kubeba mzigo wa karibu kilo 30. Ndiyo maana wapiga gitaa wengi huviita vyote modela. Lakini profaila na modela huifikia sauti hiyo kwa njia mbili tofauti kabisa, na mara nyingi huigundui tofauti mpaka uanze kuzungusha nobu.

Modela huanzia ndani ya amplifaya. Wahandisi huchukua, tuseme, Marshall JCM800, wakaifuata sauti ya gitaa tangu inapoingia: valvu za mwanzo, sehemu ya besi, midi na trebo, valvu za mwisho, transfoma. Kila hatua huandikiwa hesabu yake. Roland ilitoa VG-8 mwaka 1995, Line 6 ikaisambaza teknolojia hii kwa wapigaji wa kawaida kupitia POD mwaka 1998, na mwaka 2006 ikaja Axe-Fx ya Fractal Audio, ambayo ilizama kwenye undani wa sakiti.

Faida ya kazi hiyo yote ni nobu zinazotii kama za amplifaya yenyewe. Kwenye Fender nyingi za miaka ya 1960, nobu ya besi iko mapema kwenye sakiti, kabla sauti haijakuzwa sana. Ukiongeza besi wakati amplifaya imeshaanza kukwaruza, yaani sauti imekuzwa kupita kiasi hadi inachafuka, besi hiyo nayo inakwaruzwa, na sauti inakuwa nzito na yenye matope. Kwenye JCM800, besi iko baada ya valvu za mwanzo zinazozaa sehemu kubwa ya mkwaruzo, kwa hiyo nobu ileile inafanya kazi nyingine. Modela nzuri inalijua hilo.

Profaila haijui, wala haihitaji kujua. Mjerumani Christoph Kemper, ambaye awali alijulikana kwa sintesaiza za Access Virus, aliileta Kemper Profiling Amplifier mwaka 2011. Unaipanga amplifaya yako mpaka ikuridhishe, unaweka maikrofoni mbele ya spika, unatoa waya mmoja kutoka Kemper hadi kwenye tundu la gitaa la amplifaya, na maikrofoni unaichomeka Kemper. Ukianzisha kazi, amplifaya inatoa mivumo, milio inayopanda na midundo mifupi. Kemper inalinganisha ilichotuma na kilichorudi. Kisha unapiga gitaa mwenyewe kwa muda, kwa nguvu na kwa upole, ili iboreshe ilichonasa. Hatua hii wengi huiruka kwa haraka, na ni kosa, maana ndiyo inayoifundisha jinsi amplifaya inavyoupokea mkono.

Matokeo yake ni profaili: sauti ya amplifaya ile, spika ile, maikrofoni ile, nobu zikiwa pale zilipokuwa. Sogeza maikrofoni kutoka katikati ya koni ya spika hadi ukingoni, na utakuwa na profaili nyingine. Ndani ya mipaka hiyo uhalisia wake unashangaza, hata mwenye amplifaya anaweza kushindwa kutofautisha. Ila ukipunguza sana geni (kiasi cha kukuza sauti, kinacholeta mkwaruzo) au kuongeza besi, unazungusha nobu za Kemper, siyo za Marshall. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa profaili hunasa amplifaya moja katika viwango vingi vya geni, na mpigaji anachagua iliyo karibu na anachotaka. Mwaka 2023 Kemper ilileta Liquid Profiling, inayoiongezea profaili tabia ya nobu za amplifaya mahususi. Yaani profaila imekopa kwa modela.

Wapo wengine wanaonasa amplifaya. Quad Cortex ya Neural DSP kutoka Helsinki na TONEX ya IK Multimedia ya Italia hutumia mtandao wa neva: programu hupewa sauti iliyoingia na iliyotoka, ikajifunza uhusiano wake. Quad Cortex ina pia modela zake za kawaida ndani ya sanduku lilelile. Neural Amp Modeler ya Steven Atkinson, ambayo licha ya jina lake nayo hunasa, inatolewa bure na inatumika kwenye kompyuta, na kwa mwenye bajeti ndogo ningemwambia aanzie hapo. Mwangwi na diley (sauti inayojirudia kwa kuchelewa) havinaswi kwa njia hizi. Vinaongezwa baadaye kama efekti.

Kwa maoni yangu, mwenye amplifaya moja anayoipenda na anayesafiri nayo kila wiki atanufaika na profaila. Anayependa kutafuta sauti mpya kwa kugeuzageuza nobu atabanwa nayo, achukue modela. Kwa solo safi, ya kung'aa, kama ya rumba na muziki wa dansi, zote zinakaribiana sana kwa sababu amplifaya haijasukumwa. Ukitaka kuzipima, chagua sauti iliyo ukingoni mwa kukwaruza, kisha punguza volyumu ya gitaa hadi nusu na usikilize jinsi inavyosafika.

Na kabla ya kulaumu kifaa, angalia umekichomeka kwenye spika gani. Profaili iliyonaswa kwa maikrofoni tayari ina spika ndani yake. Ukiipeleka kwenye spika nyingine ya gitaa bila kuzima sehemu hiyo, sauti inapita kwenye spika mbili na inafifia. Kwenye miksa au spika za ukumbini, iache ikiwa imewashwa.