Siku Yenye Saa 25: Yasemwayo Kisumu Kuhusu Kuvuka Bahari kwa Meli

Tangu nirudi, sijala samaki kwenye mikahawa ya ufukweni kwa amani. Kabla hata maji ya kunawa hayajaletwa, atatokea mtu aniite kutoka meza ya tatu: "Mwalimu! Ni kweli ulivuka bahari kwa meli?" Nikiitikia, haniulizi ilikuwaje. Ananieleza yeye ilivyokuwa.

Nimefundisha jiografia miaka mingi, kwa hivyo kusahihisha ni ugonjwa wangu. Binti yangu anaishi Southampton, kaka yake New Jersey, na masikio yangu hayapatani na ndege. Walipoona nimefika Uingereza nikiwa nusu kiziwi, wakaamua safari ya pili iwe ya majini. Mwezi wa Mei nikapanda meli ya Queen Mary 2 pale Southampton, kuvuka Atlantiki hadi New York. Niliyoambiwa Kisumu kabla na baada ya safari hiyo ni mengi, na machache tu kati yake niliyakuta melini.

"Ulienda kujivinjari"

Hili ni la shemeji yangu, na simlaumu. Meli kubwa za abiria anazozijua ni zile nyeupe zinazotia nanga Mombasa na kumwaga watalii wenye kofia. Hizo huzunguka: leo kisiwa hiki, kesho kile, mwishowe humrudisha abiria pale pale alipotoka. Niliyopanda mimi ni jamaa ya basi la usiku la Kisumu kwenda Mombasa. Ina ratiba, inatoka mahali na kufika mahali, na katikati hakuna kituo. Usiku saba huoni nchi kavu.

Hata umbo lake ni la kazi hiyo. Omo yake, yaani ncha ya mbele, ni ndefu na kali ili ipasue mawimbi, mabamba ya chuma ni mazito kuliko ya meli za kitalii, mashua za kuokolea zimening'inizwa juu zaidi ili bahari isizifikie, na injini zina nguvu ya akiba ya kufidia muda dhoruba ikiichelewesha. Iliundwa Saint-Nazaire, Ufaransa, ikaanza kazi 2004, na ndiyo pekee iliyobaki ikivusha abiria Atlantiki kwa ratiba ya kawaida. Zamani zilikuwa nyingi. Mwaka 1952 meli ya Marekani, SS United States, ilivuka kuelekea Ulaya kwa siku 3, saa 10 na dakika 40. Ndege za jeti zikaanza njia hiyo 1958, na meli zikakosa abiria.

Kwetu pia zilikuwepo. Katika miaka ya 1950 na 1960 kulikuwa na meli za kampuni ya British India zilizoitwa Kenya na Uganda, zikitoka London kupitia Suez hadi Mombasa. Mzee akikuambia alikwenda kusoma Uingereza kwa meli, usidhani anatia chumvi.

"Utatapika mpaka New York"

Binamu yangu ni mvuvi wa omena pale Dunga, na hoja yake ilikuwa na mantiki: ikiwa Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, ambalo ni ziwa tu, linamrusha mtu hivi, bahari itamfanyaje?

Kosa ni kuipima bahari kwa ziwa. Ziwa letu ni pana, lakini pale penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80, na mawimbi yake ni mafupi, yamesongamana. Boti haijamaliza kulipanda hili, lile limeshaipiga ubavuni. Mawimbi ya Atlantiki mara nyingi ni marefu, kama vilima vya Nandi vikitembea polepole, na meli yenye urefu wa mita 345 hukalia zaidi ya kimoja kwa wakati mmoja. Isitoshe, chini ya maji kuna mapezi manne yanayochomoza ubavuni ili kupunguza mrama. Kupunguza, siyo kuondoa. Usiku wa tatu upepo ulikaza, viango kabatini vikaanza kugongana, nami nikashikwa na kigegezi mpaka saa nne asubuhi.

Kilichonisaidia ni tangawizi, matufaha ya kijani, na kukaa nje nikitazama pale mbingu inapokutana na maji, kwa sababu kichwa hutulia jicho likikubaliana na sikio. Binti yangu alikuwa amechagua chumba cha sitaha ya chini, katikati ya meli. Mfano wa pembea ya mbao niliowapa wanafunzi miaka yote nikaukumbuka kitandani: anayerushwa ni aliye mwishoni, wa katikati hatikisiki sana. Wanaolipa zaidi kwa vyumba vya juu vyenye baraza ndio huyumba zaidi. Sitasema nilifurahi kujua hivyo.

Jambo ambalo hakuna aliyenionya ni kwamba ukishuka, nchi kavu nayo huyumba. Siku mbili New Jersey nilikuwa nikishika ukuta nikienda chooni.

"Siku ni ndefu na hakuna la kufanya"

Kwamba siku ni ndefu, hapo wamegusa ukweli bila kukusudia. Siku tano kati ya zile saba zilikuwa na saa 25.

Kati ya Southampton na New York kuna takriban nyuzi 73 za longitudo, na dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa. Ndege hukurushia tofauti hiyo yote kwa mkupuo mmoja, ndiyo maana mtu hufika Marekani akiwa kama kuku aliyenyeshewa. Meli huigawa. Usiku tano, saa nane, saa zote za melini hurudishwa nyuma kwa saa moja, na karatasi huachwa chumbani jioni kukukumbusha. Unaamka umelala saa tisa na bado ni mapema. Wanaovuka kwenda mashariki hupatwa na kinyume chake: saa hupelekwa mbele, tena mara nyingi adhuhuri, yaani wanaibiwa saa nzima mchana kweupe.

Kwetu sisi tuliozaliwa karibu na ikweta jambo hili ni la ajabu. Kisumu jua halina mzaha: huchomoza na kuzama karibu wakati ule ule mwaka mzima, na ndiyo maana saa ya Kiswahili huhesabiwa tangu macheo. Melini, wasingerudisha saa, jua lingechelewa kuchomoza kwa zaidi ya dakika 40 kila siku. Kwa hiyo ile meli ya Waingereza, bila kujua, hufanya kama bibi zetu walivyofanya: hulifuata jua kwanza, saa baadaye. Saa yangu ya mkononi sikuigusa. Niliiacha na wakati wa Kisumu, nione pengo likipanuka kutoka saa mbili hadi saba.

Siku yenyewe ina mhimili wake, nao ni saa sita mchana. Honi hulia, kisha sauti kutoka kwenye daraja la nahodha hutangaza tulipo, upepo, mwendo, na kina cha maji chini yetu. Siku ya nne walisema ni zaidi ya mita 4,000. Mlo ukumbini ukasita, watu wakatazamana, kisha mtu akaomba chumvi.

Asubuhi nilizunguka sitaha ya matembezi. Mizunguko mitatu inakaribia kilomita mbili, na ukizunguka siku mbili unawajua wote: anayetembea kwa hasira, wazee wanaosalimia kila mara, na Mjerumani anayehesabu kwa sauti. Kuna maktaba yenye maelfu ya vitabu na viti vinavyotazama bahari. Kuna mihadhara. Saa tisa unusu alasiri kuna chai, na wahudumu waliovaa glavu nyeupe wanaimimina kana kwamba ni dawa. Niliomba ichemshwe pamoja na maziwa. Yule kijana aliinama kwa adabu na kuniletea maziwa baridi kando.

Lakini ukitaka habari za meli, nenda kwenye chumba cha kufulia. Mashine ni za bure, abiria ni zaidi ya elfu mbili, fanya hesabu. Hapo ndipo nilipojua nani amegombana na nani mezani, na nani ameondoa nguo za mwenzake zikiwa bado mbichi. Nilijihisi niko kisimani.

Na kuna mbwa. Hawa ni abiria kamili, wana vyumba vyao na mhudumu wao, na kwenye sitaha yao wamewekewa nguzo ya taa ya Kiingereza na bomba la zimamoto la Kimarekani, ili kila mmoja ainue mguu kwa desturi za kwao. Hii ndiyo habari pekee ambayo shemeji alikataa katakata kuamini.

"Ni ya matajiri"

Nauli hupanda na kushuka kama ya ndege. Chumba cha ndani kisicho na dirisha, chakula kikiwemo, kinaweza kukaribia bei ya tiketi ya ndege pamoja na hoteli za siku hizo. Kinachokumaliza ni vya pembeni: vinywaji, intaneti ya setilaiti, bakshishi, na daktari. Zahanati ipo na ni nzuri, ila bili yake itakuponya hata kabla ya dawa. Nenda na bima.

Kuhusu mavazi, jioni mbili za sherehe wanaume huvaa suti nyeusi na tai. Vazi rasmi la taifa linakubalika. Gauni langu la kitenge nililoshonewa soko la Kibuye lilisifiwa na watu waliokodi suti.

Ila picha ya anasa inaficha historia. Meli hizi ziliishi kwa wahamiaji maskini. Kwenye Titanic abiria zaidi ya 700 wa daraja la tatu walikuwa na mabafu mawili tu ya kuogea. Na hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Wazee wa familia nyingi zenye maduka pale Oginga Odinga Street walitoka Bombay au Porbandar, wengine kwa jahazi, wengine kwa meli wakiwa abiria wa sitaha. Walitandika matandiko yao waziwazi na kulala hapo mpaka Mombasa, ndipo wakapanda treni kuja huku.

Mengine nayapitia haraka. Maji ya kunywa hayaishi, husafishwa kutoka baharini humo humo. Ugali hapana, wali na mchuzi wa Kihindi tele. Simu inapatikana kwa intaneti ya meli, ghali. Na bahari kutokuwa na mpaka hakuondoi visa: Mkenya huonyesha ya Marekani kabla ya kupanda, la sivyo anabaki gatini na masanduku yake.

"Itazama kama Titanic"

Titanic ilikuwa na mashua 20, nafasi 1,178, na watu kama 2,200. Tena haikuvunja sheria, kwa kuwa sheria ya wakati huo ilihesabu mashua kwa ukubwa wa meli, siyo kwa idadi ya watu. Mkataba wa kimataifa wa usalama baharini ulizaliwa 1914 kutokana na msiba huo. Siku hizi zoezi la dharura halikwepeki: honi fupi saba na moja ndefu, kila mtu aende kituo chake akajue jaketi lake linavaliwaje.

Kwetu hofu hiyo ina jina jingine. Tarehe 21 Mei 1996 feri ya MV Bukoba ilipinduka Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza, imebeba kupita uwezo wake, na mamia wakafa. Tarehe hiyo nilikuwa katikati ya Atlantiki. Kila anayepanda au kushuka Queen Mary 2 hupitisha kadi yake kwenye mashine, na meli hujua kwa hesabu kamili nani yumo. Nilipoiona mashine ile niliwafikiria waliopanda ile ya Mwanza bila jina lao kuandikwa popote.

"Ukifia huko utatupiwa samaki"

Mama mmoja wa kanisani alininong'oneza hili, naye hakuwa akitania. Kwa Mjaluo mwili kutofika dala, yaani nyumbani kwao, ni msiba juu ya msiba. Nilimtuliza: meli kubwa zina chumba baridi cha kuhifadhia maiti, na mwili hukabidhiwa bandarini ili familia iusafirishe. Kuzikwa baharini hufanyika kwa matakwa ya wenyewe tu. Aliuliza gharama ya kusafirisha ni ya nani. Nikarudia neno bima.

Asubuhi ya mwisho tuliamshwa na miguu ya watu wakikimbilia sitahani. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, giza likianza kukonda, na mbele yetu taa za daraja la Verrazzano-Narrows. Wachoraji wa meli walifupisha bomba lake la moshi ili lipite chini ya daraja hilo, nasi sote tuliosimama pale, watu wazima, tuliinamisha vichwa. Saa yangu ya mkononi ilisema saa sita mchana. Simu ikapata mtandao, ikaita papo hapo. Alikuwa binamu wa Dunga, omena zake zikiwa zimeanikwa juani, anataka kujua nimetapika mara ngapi.