Kubalansi klachi mlimani ni kufanya nini hasa

Ukimuuliza dereva yeyote huku kwetu jinsi ya kutoa gari ya manuali mlimani bila izime, atakwambia neno moja tu: balansi. Balansi klachi. Halafu anakuonyesha kwa viganja viwili, kimoja kinapanda pole pole kingine kinashuka, na wewe unatingisha kichwa ukienda nyumbani hujaelewa kitu. Nilionyeshwa hivyo viganja na watu kama watano kabla nielewe, na sasa nina miaka mingi nikishukisha ndizi na pikapu kutoka Mbale ya Vihiga hadi soko la Kibuye, Kisumu, na kurudi jioni nikipanda, kwa hivyo wacha nieleze hilo neno lote, maana watu wengi wanalitumia kwa vitu viwili tofauti na kimoja kati ya hivyo kinaharibu gari.

Anza na injini. Injini ya petroli ama dizeli haiwezi kusimama ikiwa hai. Lazima izunguke, hata umesimama kwa jam bado inazunguka kama mara 700 hadi 900 kwa dakika, ikienda chini sana ya hapo inatetemeka halafu inakufa. Lakini tairi ziko sifuri. Sasa utaunganishaje kitu kinachozunguka na kitu kimesimama bila kimoja kuvunja kingine? Hapo ndio klachi inaingia. Kuna bamba zito limefungwa nyuma ya injini linazunguka nayo wakati wote, na kuna klachi pleti ambayo inaenda kwa giaboksi na mpaka tairi. Ukikanyaga klachi unaziachanisha. Ukiachilia kabisa zinabanwa pamoja zinakuwa kitu kimoja. Na katikati, mguu ukiwa nusu, zinagusana huku zinateleza, moja inaburuta nyingine.

Kama umewahi kupeleka mahindi kwa posho mill utaelewa haraka. Mashine ikiwa tupu inaimba vizuri. Mwenye haraka akimwaga debe zima mara moja inaguna, mkanda unalia, inazima. Anayejua kazi anaachilia mahindi kidogo kidogo, anasikiza, mashine ikianza kuwa nzito anazuia mkono kwanza mpaka ishike kasi. Mguu wako wa kushoto ndio huo mkono.

Mlima unaongeza nini? Uzito. Gari ya kilo 1,000 kwa mlima ambao kila mita 10 unaenda unapanda mita 1, inavutwa nyuma na nguvu kama ya kilo 100, yaani kama umefunga mifuko miwili ya saruji kwa kamba nyuma ya gari na inaning'inia shimoni. Ukipakia kilo 500 za ndizi umeongeza mfuko wa tatu. Kwa tambarare hiyo mifuko haiko, ndio maana mtu anaweza kuendesha mwezi mzima pale mjini Kisumu, kutoka Kondele mpaka Oile, akijiona dereva, halafu siku ya kwanza amepita Mamboleo kuelekea vilima vya Riat jam inasimama na gari inamzimikia mara nne na nyuma yake kuna lori la mchanga. Hajasahau kuendesha, ni vile tu hajawahi kuanza safari na mifuko nyuma.

Kwa hivyo kubalansi, maana yake sahihi, ni hivi: kupandisha mguu wa klachi mpaka ile mahali pleti zinaanza kushika, kuusimamisha HAPO, na kuipa injini mafuta ya kutosha ili nguvu inayosukuma mbele ilingane na ile mifuko inayovuta nyuma. Zikilingana gari haiendi mbele wala nyuma. Ndio balansi yenyewe. Ukiongeza mafuta kidogo na kuachilia klachi kidogo, mbele inashinda na gari inatoka.

Utajuaje umefika? Gari inakwambia, na inakwambia kwa njia zaidi ya moja. Kwanza sauti. Injini ilikuwa inaimba juu, ghafla inashuka inakuwa nzito kama mtu amebebeshwa kitu, na kama gari yako ina mshale wa mizunguko utauona umeshuka kidogo. Pili mwili wa gari. Kama handbreki imevutwa, ile ya kuvutwa na tairi za mbele boneti inainuka kidogo, kama mtu anayetaka kusimama kwa kiti lakini ameshikwa shati, na kwa pikapu kama yangu ya kusukumwa na tairi za nyuma unasikia kiuno cha gari kimejikaza. Tatu, mtetemo unakujia kwa soli ya kiatu. Na hapa niseme kuhusu viatu, usijifunzie na gambuti ama viatu vya soli nene, na mvua ya saa tisa huku Vihiga ikinyesha pangusa matope kwanza, maana mguu ulioteleza kutoka kwa klachi ni sawa na kumwaga debe zima.

Sasa utaratibu wenyewe, ule wa handbreki, ambao ndio ningetaka kila mtu aanze nao. Umesimama, handbreki imevutwa kabisa, hiyo inashika tairi za nyuma kwa hivyo miguu yako iko huru. Klachi chini, gia ya kwanza. Gia ya kwanza ndio inazidisha nguvu ya injini kuliko zote za mbele, kwa hivyo usijaribu na ya pili hata kama kwa tambarare imezoea kukutoa. Mguu wa kulia unaongeza mafuta mpaka injini inguruma kidogo, mshale uwe kama 1,500 hadi 2,000, mzigo ukiwa mwingi uende juu, na unashikilia hapo bila kubembeabembea. Ndio sasa unapandisha klachi pole pole mpaka sauti ishuke na gari ijikaze. Simama. Usiachilie handbreki bado, ngoja pumzi moja uhakikishe. Halafu shukisha handbreki. Gari ikikaa ama ikaanza kupanda yenyewe uko sawa, ongeza mafuta kidogo huku klachi inaendelea kupanda taratibu. Ikirudi nyuma, kanyaga klachi na breki zote mbili, vuta handbreki, anza tena.

Karibu wote wanaozima huzima kwa sekunde moja hiyo hiyo, na sio pale mwanzo. Wanafika balansi vizuri, gari inaanza kusonga, na mguu wa kushoto unafurahi unaruka juu wote. Injini bado haijashika kasi, tairi bado ni polepole sana, debe limemwagwa. Ule mguu unafaa uendelee kukaa nusu mpaka gari iende kama urefu wake mmoja, ndio sasa uuachilie kabisa.

Nilimfundisha mtoto wa dadangu, anasoma Nakuru na alikuja likizo akiwa na leseni mpya. Shule ya udereva alikosomea walimfunza na vigari vya plastiki kwa ule ubao wa model town, anajua raundiabauti yote na nani anapita kwanza, lakini ubao ni tambarare. Tukaenda barabara ya murram karibu na Kiboswa, mlima mfupi, hakuna magari. Mara ya kwanza ikazima. Ya pili ikarudi nyuma akapiga kelele "Anti, inarudi! Anti!" na mikono yote miwili ameshika usukani kama ndio breki. Nikamwambia, "Mama, funga macho." Handbreki ilikuwa juu na mimi nimeweka mkono juu ya mkono wake. Nikamwambia apandishe klachi na aniambie tu akisikia injini imebadilika, tusiende mahali. Akafanya hivyo kama mara kumi bila kushukisha handbreki hata mara moja, klachi juu kidogo, "hapo," klachi chini. Hakuna haja ya kuangalia chini huko, mguu hauonekani na hata ukionekana haukusaidii. Mara ya kumi na kitu akafungua macho akashukisha handbreki na gari ikakaa imetulia mlimani kama imeegeshwa, akaniangalia macho makubwa, "mbona hairudi?"

Na hapo ndio hatari ya maana ya pili inaanzia. Ukigundua klachi inaweza kushikilia gari mlimani bila breki unaanza kuona ni raha. Madereva wengi kwa jam ya mlima hawavuti handbreki kabisa, wanacheza na klachi, mbele kidogo nyuma kidogo, wanaita pia kubalansi na wanajivunia. Lakini kumbuka zile pleti mbili zinateleza. Muda wote umeshikilia gari hivyo moja inasugua nyingine na joto linapanda, na baada ya dakika chache utasikia harufu kali kama gunia linaloungua. Hiyo ni klachi yako. Fundi mmoja wa Kisumu alinifungulia ya kwanza niliyoua, ile pleti mpya huwa na nyama pande zote mbili kama soli ya kiatu kipya, yangu ilikuwa imeisha mpaka kwa misumari, nyeusi, na lile bamba la injini lina michirizi ya bluu kwa sababu ya joto. Nililia pale gereji kwa sababu bei ilikuwa ni faida ya ndizi za mwezi mzima. Sababu ilikuwa kubalansi kwa foleni kila jioni nikidhani ndio ujuzi. Kwa hivyo ifikie balansi wakati unatoka, upite. Kama unasimama, hata kama ni nusu dakika, handbreki juu, gia free, miguu ipumzike.

Kuna njia bila handbreki, mguu wa kulia unabaki kwa breki, unapandisha klachi mpaka injini ishuke sauti, halafu unahamisha mguu wa kulia haraka kwa mafuta. Inafanya kazi kwa mlima mdogo, hasa kwa dizeli kwa sababu dizeli ina nguvu hata ikizunguka pole na haizimi kirahisi. Kwa petroli ndogo na abiria wanne, mimi ningevuta handbreki tu. Zile pikapu za zamani zenye handbreki chini ya dashibodi ya kuvuta kama mpini wa mwavuli ni ngumu kiasi kuachilia taratibu, zizoee kabla ya kuingia barabarani.

Ikizima kabisa nyuma kuna mtu, kitu cha kwanza ni breki ya mguu, ikanyage na UISHIKE. Usipampu. Injini ikizima ile nguvu inayosaidia breki inabaki kidogo tu, ya kukanyaga mara mbili tatu, baadaye pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Gari bado ina breki lakini sasa inataka mguu wako wote, na mtu anayeogopa anadhani breki zimekwisha. Shika, vuta handbreki, klachi chini, washa, na uanze kama kawaida. Wanaopiga honi waache wapige.

Kitu kingine ambacho watu wa Nakuru wanafaa wajue, kupanda mlima wao wa Menengai sio sawa na kupanda Riat hata mlima ukiwa mkali sawa. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari, ukingo wa Menengai ni karibu 2,280. Hewa inapungua, na injini isiyo na tabo, ile ya kusukumia injini hewa zaidi, inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kila ukipanda mita 1,000, kwa hivyo mafuta yaliyokutosha Kisumu kule juu yatakuzimikia. Mtoto wa dadangu aliligundua hilo kabla hata nimweleze sababu, alikuwa anashangaa mbona mguu uleule haufanyi kazi kule. Ongeza kidogo. Lakini kwa murram yenye kokoto ama tope usiongeze sana, mlimani uzito unalalia nyuma na tairi za mbele zinakuwa nyepesi, kama ndizo zinavuta zitazunguka bure.

Magari mapya mengi yanashika breki yenyewe kama sekunde mbili ukitoka mlimani. Sio wazo jipya, Studebaker ya Marekani iliweka kifaa cha kuzuia gari kurudi nyuma mwaka wa 1936, na Subaru za manuali zilikuja kuwa nacho pia. Kinasaidia, ila kinazuia kurudi nyuma tu, kuzima bado ni juu ya mguu wako wa kushoto.

Pikapu yangu haina hayo, ina jiwe. Mkiwa wawili na mlima ni mkali na handbreki imechoka, mwenzako ashuke aweke jiwe nyuma ya tairi, makanga wa matatu wanafanya hivyo kila siku. Gari ikitoka jiwe linabaki katikati ya barabara. Huyo mwenzako alitoe kabla apande, alitupe kando kabisa kwa nyasi, kwa sababu saa moja jioni bodaboda mwenye taa moja mbovu atateremka hapo na hataliona.