254 ni ya simu, KE ndiyo ya nchi

Waulize mawakala wa forodha hapa Mombasa msimbo wa nchi yetu ni upi, na wengi watakujibu papo hapo: 254. Vijana nao wameigeuza kuwa jina la pili la Kenya. Kwa simu, sawa kabisa. Ila fomu ya shehena ikiuliza msimbo wa nchi, haiulizi habari za simu, na kila nikiona kisanduku hicho kimejazwa 254 naumia.

Kinachotakiwa pale ni msimbo wa ISO 3166, orodha iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1974 na Shirika la Kimataifa la Viwango. Kila nchi imepewa vitambulisho vitatu: herufi mbili, herufi tatu na tarakimu tatu. Kenya ni KE, KEN na 404. Uganda ni UG, UGA na 800. Maana ya msimbo wa nchi ndiyo hiyo.

Hiyo 254 imetoka kwingine kabisa, kwa Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, na kazi yake ni kuielekeza simu ifike. Haikuwekwa ili itambulishe nchi. Tazama +1: wanaitumia Marekani, Kanada na Jamaika kwa pamoja. +7 ni ya Urusi na Kazakhstan. Sasa ukiandika 1 kwenye fomu, mzigo umetoka wapi?

Nadhani sisi Wakenya tumeponzwa na bahati. KEN ya pasipoti na KEN ya mwanariadha kwenye Olimpiki zinafanana, basi tukadhani misimbo yote ni ukoo mmoja. Mtanzania halimpiti hilo: pasipoti yake inasema TZA, lakini kwenye Olimpiki nchi yake ni TAN, kwa sababu kamati ya michezo ina orodha yake. Hata EAK ya magari ya Kenya yanayovuka mpaka ina orodha yake, na hiyo ni ya mikataba ya barabara. Na ile 616 inayoanza kwenye mistari ya bidhaa dukani huonyesha tu kwamba nambari ilisajiliwa kupitia ofisi ya Kenya. Bidhaa yenyewe yaweza kuwa imetengenezwa popote.

Tukirudi kwenye ISO, kuna jambo ambalo watu wa bandari wangefaa kulijua kuliko wote. Herufi hufuata jina la nchi, tarakimu hufuata eneo lake. Zaire ilipobadili jina mwaka 1997 ikawa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, ZR ikawa CD na ZAR ikawa COD, lakini 180 ikabaki vilevile, kwa kuwa mipaka haikuguswa. Ethiopia ni kinyume chake: Eritrea ilipojitenga mwaka 1993, ET haikubadilika, ila 230 ikawa 231. Sudan nayo mwaka 2011 ilibaki SD, lakini 736 ikaachwa ikaja 729, na Sudan Kusini ikaingia na SS, SSD na 728. Mtu wa takwimu akilinganisha biashara ya Sudan ya 2005 na ya 2015, tarakimu zenyewe zinamwonya kwamba hizo si nchi zenye eneo moja. Herufi peke yake zisingemwambia kitu.

Hizo Congo mbili ndizo zinazonitia hofu zaidi. CD ni Jamhuri ya Kidemokrasia, CG ni ile yenye mji mkuu Brazzaville. Malori yanatoka Kilindini kwenda Goma, na herufi moja ikikosewa, karatasi zinaupeleka mzigo kwenye nchi ambayo lori halitaikanyaga. Hapo hata dereva mzoefu hana la kujitetea mpakani.

Na kwa kuwa tunaipenda 001 yetu ya Mombasa, ndugu zangu, hiyo nayo ni ya hapa nyumbani, kwenye orodha ya kaunti za Kenya. ISO ina sehemu ya pili inayohesabu majimbo na kaunti, nayo ilizipanga kaunti zetu kwa mpangilio wa alfabeti, kuanzia Baringo. Kwa hiyo mfumo wa kimataifa ukikuuliza Mombasa, andika KE-28.