Draiva, yaani programu inayoendesha kifaa cha kompyuta, ikikuta kifaa kibovu, ivumilie au ikatae?

Kabla ya kujibu, mimi hutaka kujua kwanza: kifaa hiki kikitoa taarifa za uongo, nani ataumia?

Kibodi ikieleza sifa zake vibaya, hakuna data inayopotea. Draiva isahihishe maelezo hayo na kazi iendelee. Keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa uendeshaji, imejaa masahihisho ya aina hii. Kuna faili zima, drivers/pci/quirks.c, kwa ajili ya vituko vya vifaa vya PCI, yaani njia ya kuunganisha kadi na chipu kwenye kompyuta. Humo msamaha hautolewi ovyo: unafungwa kwenye namba ya mtengenezaji na namba ya kifaa, na mara nyingi kasoro yenyewe imeelezwa. Draiva inayofumbia macho kosa lolote la kifaa chochote siiiti vumilivu. Inaficha ushahidi.

Kidhibiti cha diski ni habari nyingine. Kifaa kinachoandika chenyewe kwenye kumbukumbu, yaani kwa DMA, kikikosea anwani kinaweza kuchafua data ya programu isiyohusiana nacho kabisa, na hitilafu ikaonekana baadaye, mbali na chanzo. IOMMU, maunzi yanayosimamia kumbukumbu ambayo kifaa kinaruhusiwa kuigusa, inaweza kukizuia kisitoke nje ya eneo lake, lakini ndani ya eneo hilo kitaandika takataka kipendavyo. Hapo nakataa. Ila nitakataa kiasi gani? TRIM ni amri ya kuiambia diski ni data gani haihitajiki tena. Kuna SSD zinazodai kumudu TRIM ya kupanga foleni, kumbe haziiwezi. Libata, sehemu ya keneli inayoshughulikia diski za SATA, huzizimia amri hiyo tu, diski ikaendelea kusoma na kuandika.

Kukataa kabisa nako kuna gharama zake. Mwaka 2008, matoleo ya majaribio ya Linux 2.6.27 yaliharibu kumbukumbu ya kudumu ya kadi za mtandao za Intel zinazotumia e1000e. Chanzo kilikuja kugundulika kuwa ni ftrace, chombo cha kufuatilia mwenendo wa keneli, wala si draiva yenyewe. Kadi ikishaharibika, draiva iliona jumla ya uhakiki, yaani namba ya kuthibitisha kuwa data haijaharibika, hailingani, ikagoma. Ilikuwa na haki, maana humo ndimo mna anwani ya MAC, yaani utambulisho wa kadi kwenye mtandao, na mipangilio ya chipu. Lakini ethtool, programu ya kurekebisha kadi za mtandao inayoweza kuandika upya kumbukumbu hiyo, hupitia kwenye draiva ileile iliyogoma! Ningependa draiva ya namna hii ipakiwe bila kupitisha pakiti hata moja, iache tu njia ya ukarabati.

Tena, ukaguzi wa wakati wa kupakia hautoshi. Kifaa cha PCI kikichomoka, rejista zake, yaani vijisehemu ambamo draiva husoma hali ya kifaa, kwa kawaida husomeka 0xFFFFFFFF, biti zote zikiwa moja. Kitanzi kinachosubiri biti ya "nina shughuli" iwe sifuri hakitaisha kamwe. Nikikagua draiva ya mtu, hivyo vitanzi ndivyo ninavyovitafuta kwanza: kila kimoja kiwe na ukomo wa muda, na ukomo ukifika, logi itaje rejista gani ilisomwa na ilirudisha nini.