Skii za mtoto: si lazima "atazikulia"

Kwenye miji ya theluji, kuanzia Uswisi hadi Colorado kule Marekani, wazazi wameambiana kwa miaka mingi: mnunulie mtoto skii ndefu (vile vibao vyembamba vya kutelezea kwenye theluji), atazikulia. Wengine humwambia ainue mkono, skii ifike kwenye kifundo cha mkono. Kipimo hicho kilikuwa na maana enzi za skii zilizonyooka. Tangu miaka ya 1990 skii zina kiuno chembamba, mbele na nyuma pana. Ukizilaza ubavu zinakata kona zenyewe, kwa hiyo fupi inatosha.

Kwa skii za matumizi mchanganyiko, za njia iliyosawazishwa na theluji laini ya pembeni, isimamishe mbele ya mtoto. Anayeanza, ncha ifike kidevuni. Aliyezoea, kati ya pua na paji. Uzito nao uangaliwe. Mtoto mwepesi hawezi kuikunja skii ngumu, na isiyokunjika haigeuki. Utamwona ameegemea nyuma, akisukuma visigino ili apate kona, na watu wanasema ni mwoga. Mwoga wapi! Skii ndiyo imemzidi.

Kwenye viatu, kuzidisha ukubwa ni kubaya zaidi. Toa kiatu laini cha ndani, aingize mguu kwenye gamba tupu, vidole viguse mbele: nyuma ya kisigino pakipita vidole vyako viwili, basi kinamtosha. Vishikio, vinavyofunga kiatu kwenye skii, navyo fundi avirekebishe kila msimu, maana hupimwa kwa uzito, kimo, umri, uzoefu na urefu wa soli.

Kuhusu gharama, maduka mengi ya huko hukodisha seti ya mtoto kwa msimu mzima.