Ngomeni Hapakujengwa Jela

Jumamosi iliyopita mwalimu mmoja alisimama na wanafunzi wake kwenye Njia ya Matao, humu Fort Jesus, ngome kongwe ya Mombasa, akawaambia kama anayeapa: "Hapa ndipo watumwa walipopitishwa kwenda merikebuni. Ngome yote ilijengwa iwe jela yao." Watoto wakaandika. Mimi natembeza wageni Ngomeni, na maneno hayo nayasikia karibu kila wiki. Sasa yamenifika kooni.

Fort Jesus ilianza kujengwa 1593 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, Mtaliano aliyewafanyia kazi Wareno. Walichotaka ni kuishika bandari na kulinda merikebu zao za Goa, makao yao makuu huko India. Panda juu ya ukuta utazame mwenyewe: buruji nne, yaani pembe za ukuta zilizochomoza nje, zimepangwa ili mizinga ya moja ilinde ubavu wa nyingine. Jela humzuia mtu asitoke. Hii ilijengwa kumzuia asiingie.

Na Njia ya Matao? Ilichongwa kwenye jabali la matumbawe ili watu na mizigo ya kutoka baharini wapate pa kuingilia. Waomani walipoizingira ngome, Machi 1696 hadi Desemba 1698, waliomo ndani macho yao yalikuwa baharini wakingoja msaada na chakula. Merikebu ya Wareno, Santo António de Tanná, ilikuja, ikazama pale pale mbele ya ngome 1697. Wapiga mbizi waliibua vitu vyake miaka ya 1970, navyo vimo humu humu kwenye makumbusho. Wageni huvipita mbio wakiuliza shimo la watumwa liko wapi.

Jela ilikuwepo, lakini ya Waingereza, 1895 hadi 1958. Bibi yangu akisema "fulani yuko Ngomeni", ujue amefungwa. Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyokorogwa na habari za utumwa zikawa uji mmoja. Wafungwa walipohamishwa, jengo likatengenezwa kwa fedha za wakfu wa Gulbenkian wa Ureno, na makumbusho yakafunguliwa 1960.

Jamani, sikatai utumwa. Hata ndani ya ngome Wareno walikuwa na watumwa wao. Ila anayetaka historia hiyo Mombasa, namwambia avuke daraja la Nyali aende Kengeleni, akaione kengele ya Frere Town, kijiji cha walioachwa huru kilichoanzishwa miaka ya 1870. Wangapi huenda? Matatu zinapita pale kutwa.

Hayo mengine ninayoyasikia juu ya ngome hayana haja ya pumzi nyingi. Eti Vasco da Gama ndiye aliyeijenga: alifika Mombasa 1498, akafa 1524. Labda alijenga akiwa kaburini. Eti ina umbo la Yesu: mchoro unafuata fikra za wajenzi wa Ulaya wa zama zile, kwamba vipimo kamili vimo katika mwili wa binadamu, mwili wowote. Eti Wareno hawakuguswa mpaka Waomani walipokuja: Yusuf bin Hassan, mfalme wa Mombasa, aliwanyang'anya ngome hii Agosti 1631.

Na njooni asubuhi, tafadhali, na viatu visivyoteleza. Saa saba mchana jua la pale uwanjani halina huruma, na hakuna mtoto anayesikiliza historia huku kichwa kinamgonga.

Yule mwalimu nilimwita pembeni, nikampeleka na darasa lake kwenye michoro ya Wareno, ya mkaa na udongo mwekundu: merikebu, samaki, watu. Watoto wakaanza kubishana milingoti ni mingapi.