Timu ya utafiti wa mapafu ikifika kijijini: nani ni nani, na umuulize nini

Maelezo haya ni kwa wakazi wa Tabora: wakulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua na Sikonge, wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Nzega, na kila anayepikia kuni au mkaa. Hizo ndizo kazi na jiko zinazowaleta watafiti wa mapafu mkoani kwetu.

Gari limesimama kwa mtendaji. Waliomo ni madaktari wote?

Hapana. Huenda daktari ni mmoja tu, na huenda hata hayumo. Mtafiti mkuu, ambaye jina lake hutangulia kwenye ripoti, ndiye aliyeandika mpango wa utafiti na ndiye atakayebanwa ukiharibika, lakini si lazima umwone. Utakaowaona ni mratibu, wauguzi, mtu wa maabara, wapimaji wa mapafu, wenye vishikwambi wanaouliza maswali, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayewaongoza nyumba kwa nyumba. Ubora wa majibu yako umo mikononi mwa hawa kuliko mikononi mwa profesa.

Nitajuaje kwamba si matapeli?

Utafiti wa afya kwa binadamu nchini huombewa kibali cha maadili, na kwa ngazi ya taifa kinatolewa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979 na yenye kituo hapa Tabora. Muulize mratibu namba ya kibali na simu ya kamati ya maadili. Vyote huandikwa kwenye karatasi ya maelezo unayobaki nayo. Barua ya utambulisho nayo hupita wilayani kabla ya kufika kwa mtendaji. Anayekuomba hela ili akupime, mwache aende. Mtafiti anaweza kukurudishia nauli au kukufidia muda, lakini wewe humlipi.

Ninalazimika kusaini?

Hulazimiki. Asiyejua kusoma husomewa fomu ya ridhaa kwa lugha anayoielewa, hata Kinyamwezi, mbele ya shahidi asiye wa timu, kisha huweka dole gumba. Aliye chini ya miaka 18 huridhiwa na mzazi, lakini mtoto mwenye akili ya kuelewa naye huulizwa. Unaweza kujitoa katikati bila kutoa sababu, na huduma yako ya zahanati haiguswi. Akija mtu na fomu ambazo tayari zina alama ya vema, umekutana na mtu mvivu. Mwambie aanze upya.

Huyu anayepaza sauti "puliza, puliza, endelea!" anafanya nini?

Huyo ndiye mtu wa kumtazama sana. Anatumia spairomita, kifaa kinachopima kiasi cha hewa unachotoa na kasi yake. Wazo lake si geni: daktari Mwingereza John Hutchinson alieleza chombo cha aina hiyo mwaka 1846. Ugumu wake ni kwamba mashine haipimi peke yake. Inapima juhudi zako, na juhudi hizo zinategemea anayekuongoza.

Unakaa wima kwenye kiti kisicho na magurudumu, pua imebanwa kwa kibanio. Vuta pumzi mpaka mapafu yajae kabisa, bana midomo kwenye mrija, kisha itoe hewa yote kwa mkupuo mmoja mkali na uendelee kusukuma mpaka isibaki kitu, mara nyingi sekunde 6 au zaidi. Kosa letu kubwa hapa ni la jikoni: tumezoea kupuliza moto wa kuni kwa pumzi fupi fupi huku mashavu yamevimba. Spairomita haitaki hivyo. Makosa mengine ni kusita mwanzoni, kukohoa ndani ya sekunde ya kwanza, ulimi kuziba mrija, na hewa kuvuja pembeni mwa midomo. Meno bandia yaliyokaza yaache mdomoni, maana midomo hubana vizuri zaidi.

Mpimaji anahitaji mipulizo 3 iliyo safi, na miwili iliyo bora isipishane zaidi ya mililita 150. Akifika mara ya 8 anaacha, kwa sababu mtu amechoka na namba zinashuka zenyewe. Kizunguzungu kidogo ni kawaida. Ndiyo maana hupulizi umesimama.

Kisha unaweza kupewa salbutamol, dawa ya kufungua njia za hewa, dozi 4 za mikrogramu 100 kwa pampu na chupa ya kuvutia dawa, ukasubiri dakika 10 hadi 15 na kupuliza tena. Mapigo ya moyo yanaweza kwenda mbio na mikono kutetemeka kwa muda. Mpulizo wa baada ya dawa ndio unaoamua. Tuseme umetoa lita 3.2 kwa jumla, na kati ya hizo lita 2.0 zimetoka katika sekunde ya kwanza. Gawanya: 0.63. Chini ya 0.70 hata baada ya dawa, njia za hewa zimebana, na kama una dalili pamoja na historia ya moshi au vumbi, daktari atafikiria ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Zikifunguka vizuri kwa dawa, pumu inafikiriwa kwanza.

Siku hiyo usivute sigara saa 1 kabla, usinywe pombe, usije umeshiba ugali mpaka pumzi inakata. Na sema mapema kama umepata shambulio la moyo karibuni, umepasuliwa jicho, kifua au tumbo, au unakohoa damu. Hapo hupulizi.

Mbona wananipima urefu na kuniuliza mwaka wa kuzaliwa mara mbili mbili?

Kwa sababu mapafu yako hulinganishwa na ya mtu wa umri, urefu na jinsia kama yako. Baada ya ujana, hewa ya sekunde ya kwanza hupungua kwa takribani mililita 25 hadi 30 kila mwaka. Mzee akikosewa umri kwa miaka 10, hiyo ni robo lita ya makosa, na mgonjwa anaweza kuonekana mzima. Muuliza maswali mzuri hatosheki na "nina kama sitini". Anauliza: wakati wa Uhuru, 1961, ulikuwa umeshaanza kuchunga? Vita vya Kagera, 1978, ulikuwa umeoa? Viatu vinavuliwa, na kilemba kizito pia.

Asubuhi niliona wanasukuma hewa kwenye mashine kwa bomba kubwa la sindano.

Wanaihakiki. Bomba lile lina lita 3 kamili, na mashine ikisoma nje ya 2.91 hadi 3.09, haipimi mtu siku hiyo mpaka irekebishwe. Mashine iliyobebwa kwa bodaboda kwenye makorongo hupoteza usahihi. Una haki pia ya kuona mrija na kichujio vikitolewa kwenye mfuko mpya mbele yako. Cha mwenzako usikikubali.

Mtu wa maabara anataka makohozi. Kiasi gani?

Mililita 3 hadi 5, karibu kijiko cha chai. Sukutua kwa maji, toka nje penye upepo, vuta pumzi ndefu mara mbili, ukohoe kutoka chini kifuani. Mate hayasaidii. Ya alfajiri ndiyo bora. Kopo lisiposafirishwa mara moja hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, si juani nyuma ya pikipiki. Mashine ya jeni hutoa jibu la kifua kikuu chini ya saa 2. Kinachochelewesha ni njia. Ukikutwa nacho, timu inakuunganisha na matibabu, ambayo ni bure na kwa kifua kikuu cha kawaida ni miezi 6. Mchimbaji aliyevuta vumbi la mawe aseme, maana vumbi la silika, madini yaliyomo kwenye mawe, huudhoofisha ulinzi wa mapafu dhidi ya vimelea vya kifua kikuu.

Na kifaa walichotundika jikoni?

Kinahesabu chembe za moshi kwa saa 24. Hukaa kama mita 1 kutoka kwenye jiko lenyewe na mita 1.5 juu ya sakafu, mbali na mlango. Pikeni kama kawaida. Familia ikihamia kupikia nje kwa heshima ya mgeni, kifaa kitaandika hewa safi ambayo hamuivuti siku nyingine.

Anayekaa na kompyuta tu, hakamati mgonjwa, kazi yake ni ipi?

Mtunza takwimu. Jina lako linafungiwa kando na majibu yanabaki na namba. Yeye ndiye anayegundua kwamba mtu "asiyevuta sigara" ameandikiwa sigara 5 kwa siku. Sigara 5 kila siku kwa miaka 20 ni sawa na pakiti nzima ya 20 kwa miaka 5, hata kama ulinunua moja moja dukani. Usizipunguze kwa aibu.

Kwa nini wanarudi baada ya mwaka, tena mwezi uleule?

Mpimo mmoja huonyesha ulipo. Miwili huonyesha unashuka kwa kasi gani. Mwezi una maana kubwa kwetu: wakati wa kukausha tumbaku mkulima hukesha kwenye bani, banda la kukaushia, akichochea moto, kifua chake kina moshi wa usiku uliopita. Wakikupima wakati wa mabani mara ya kwanza na kiangazi mara ya pili, utaonekana umepona bila kutibiwa. Tunza kadi yenye namba yako ya mshiriki. Ikipotea, mwambie mhudumu wa jamii siku ileile, kabla hujaandikishwa kwa namba mpya na kuhesabiwa watu wawili.